Kisanduku kilichoandikwa BAKAPU

Kiliingia dukani kimeviringishwa kwenye kanga, kama mtoto mchanga anayepelekwa kliniki. Dada mwenye studio alikishusha taratibu juu ya meza yangu, akafungua kanga, akasogea pembeni. "Kaka fundi, hii tangu jana usiku haiwaki."

Ilikuwa diski ya nje, ile aina ya mezani inayosimama wima kama kitabu na kutumia adapta yake ya umeme. Terabaiti 4, yaani gigabaiti 4,000. Ubavuni ilibandikwa kipande cha selotepu ya karatasi, na juu yake mtu aliandika kwa wino mzito, herufi kubwa: BAKAPU, yaani nakala ya akiba.

Nina swali moja ninalouliza kabla sijashika bisibisi. "Vilivyomo humu, pengine viko wapi?"

"Pengine wapi tena, kaka? Si ndiyo bakapu yenyewe hii."

Kisa chote kimo katika majibizano hayo, na ningeweza kuishia hapo. Ila njia tuliyopita mpaka kuvipata vile vilivyomo ina mambo yanayoweza kumfaa fundi mwenzangu, na namna tulivyopanga upya baadaye inaweza kumfaa yeyote mwenye kompyuta na kitu asichotaka kukipoteza. Nakieleza kwa ruhusa ya dada, kwa sharti kwamba nisitaje jina la studio.

Studio yenyewe

Iko Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, vyumba viwili nyuma ya barabara. Wanapiga harusi, kicheni pati, ubarikio, maulidi, mahafali, na siku hizi matangazo ya wauza dagaa. Yupo dada mwenyewe, yupo kijana anayeediti, na wapiga kamera wawili wanaoitwa kazi ikitokea. Mmoja wao anatumia Mac. Hilo litarudi huko mbele.

Video inakula nafasi kuliko watu wanavyodhani. Kamera ikirekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde, saa moja ni gigabaiti 22 na nusu. Kamera mbili, saa nne za ukumbini, umeshafika gigabaiti 180, na hapo hujagusa picha za mnato wala filamu yenyewe ikishaeditiwa. Kompyuta ya mezani ya studio ilikuwa na diski ya ndani ya terabaiti 1. Harusi tano zenye heshima zake, imejaa.

Dada alinunua ile diski ya nje mwaka 2018. Mwanzoni ilikuwa bakapu kweli: kila filamu ilikuwa kwenye kompyuta na nakala yake ikawa kwenye diski. Kisha kompyuta ikajaa, na kijana akafanya ambalo wengi tungefanya, akaanza kukata badala ya kunakili. Kata huku, bandika kule, kompyuta ikapumua. Tangu siku hiyo diski ikawa ghala, mali yote ikalala mle peke yake, lakini selotepu haikubanduliwa. Miaka ikapita watu wanalisoma neno BAKAPU na mioyo yao inatulia.

Mimi naishitaki ile selotepu kuliko ninavyomshitaki kijana. Diski isiyo na jina ingemtia mtu wasiwasi, angeuliza. Iliyopewa jina la uongo haimtii mtu wasiwasi wowote.

Jana yake mchana, mzee mmoja wa Ujiji alikuwa amefika studio kuomba harusi ya mwanawe ya mwaka 2019. DVD aliyopewa wakati ule imechubuka, na deki ya kuichezea ilishauzwa. Wakamwambia apite kesho. Usiku kijana akaichomeka diski aitafute hiyo harusi, na ndipo balaa lilipotokea. Mzee akarudi asubuhi, akaelezwa kwamba diski ina hitilafu. Akajibu kwa upole, na dada aliniambia jibu hilo ndilo lililomtoa mbio kuja kwangu: "Mwanangu, mimi sikufuata diski. Nimefuata harusi."

Adapta

Hadithi ya kwanza niliyopewa ilikuwa ya umeme: ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukaiunguza. Mji wetu umeishi miaka mingi na umeme wa majenereta kabla gridi ya Taifa haijatufikia, kwa hiyo umeme ni mtuhumiwa mwepesi. Ukimtaja, hakuna anayekudai ushahidi.

Nikaomba adapta. Kijana akaitoa mfukoni, akaniwekea mezani bila kuniangalia. Diski inaandika kwenye kibati chake volti 12. Adapta inaandika volti 19. Ilikuwa ya skrini ya kompyuta.

Pole pole hadithi ya pili ikatoka. Adapta ya ruta ya intaneti ilikufa wiki mbili nyuma. Kijana akaona ya diski nayo ni volti 12, na tundu ni lile lile, akaiazima. Si ujinga huo. Kwa ruta hesabu yake ilikuwa sahihi. Usiku kijana alipoihitaji diski, ruta ilikuwa inafanya kazi, akachukua adapta nyingine iliyoingia tunduni bila kulazimishwa. Taa ikawaka sekunde moja, ikazima, chumba kikanuka plastiki iliyoungua.

Watu wengi hawajui kwamba tundu la adapta halisemi chochote kuhusu volti. Plagi ile ile ya duara utaikuta kwenye volti 5, 9, 12 na 19. Diski kubwa za inchi 3.5 hutaka volti 12 za kuzungushia mota na volti 5 za saketi, ndiyo maana haziwezi kuishi kwa waya wa USB peke yake. Zile ndogo za inchi 2.5, za kubeba mkononi, hutosheka na volti 5 za USB na hazina adapta kabisa. Kumbuka hilo tutakapofika dukani.

Nikafungua kasha la plastiki. Ndani kuna vitu viwili: diski yenyewe ya chuma, na kibao kidogo cha saketi kinachotafsiri lugha ya diski, SATA, kwenda lugha ya USB. Mafundi tunakiita daraja. Daraja lilikuwa na doa jeusi katikati, limekwenda. Nikaichomoa diski na kupima saketi yake kwa mita. Njia ya volti 12 ilikuwa imeshikana na ardhi, yaani shoti, mita ikalia.

Hapo nikafurahi, na dada akanishangaa. Kwenye saketi za diski nyingi kuna daiodi za kinga, na kazi yake ni hiyo hiyo: volti ikizidi, daiodi hujitoa mhanga, inashikana na ardhi ili kilicho nyuma yake kisiungue. Mita kulia maana yake ni kwamba mlinzi amekufa mlangoni, na huenda wenye nyumba wako salama. Nikaiondoa daiodi kwa solda, nikaunga diski moja kwa moja kwenye kompyuta yangu ya mezani. Ikaanza kuzunguka, mlio ule wa kupanda taratibu kisha kutulia. Haikugonga.

Niseme jambo kwa wanaojaribu nyumbani. Kufungua kasha la plastiki si hatari. Kufungua lile boksi la chuma ni kuua. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu, na punje moja ya vumbi la kiangazi cha hapa kwetu, mbele ya kichwa hicho, ni jabali. Diski ikiwa inagonga tik, tik, tik, ichomoe umeme na usiiwashe tena. Hiyo kazi si yangu wala yako, ni ya wenye chumba kisicho na vumbi. Ya dada haikugonga, ndiyo maana niliendelea.

Mara nane

Windows ikaiona diski, na papo hapo ikatoa ule ujumbe unaomfanya mtu atetemeke: ni lazima ufomati diski kabla ya kuitumia. Kijana, kwa nia njema kabisa, akanyoosha mkono kwenye panya. Nikamshika kiwiko. Katika maisha yako ukiona ujumbe huo kwenye diski yenye vitu vyako, bonyeza kughairi, kisha nenda kanywe maji.

Nikatazama ukubwa. Windows ilisema gigabaiti 465. Diski ya terabaiti 4, kwa hesabu ya Windows, inapaswa kuonekana kama terabaiti 3.63, yaani gigabaiti 3,726. (Hakuna aliyekuibia hapo. Kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024. Kila mwezi kuna mteja anayekuja kunilalamikia kwamba diski yake ya terabaiti 2 imepungukiwa, inasoma 1.81.) Nikagawanya 3,726 kwa 465. Nikapata nane.

Nane ikanigonga kichwani. Diski hugawanywa katika vipande vidogo viitwavyo sekta. Kwa desturi ya zamani sekta moja ni baiti 512. Nyingine huhesabu kwa baiti 4,096, ambazo ni 512 mara nane. Baadhi ya madaraja ya diski kubwa za nje huiambia kompyuta kwamba sekta ni za baiti 4,096, ili mfumo wa zamani wa kugawa diski, unaokwama kwenye terabaiti 2 zikihesabiwa kwa 512, uweze kuhudumia diski kubwa. Daraja lilipoungua, msemaji huyo akafa. Nilipoiunga diski moja kwa moja, ikahesabu kwa 512, na ramani iliyoandikwa mwanzoni mwake ikawa inaelekeza pasipo. Ni kama kumwelekeza mgeni nyumba ya msibani kwa kuhesabu mitaa, naye akahesabu milango.

Kwa maneno mengine hakuna kilichopotea. Kilichokosewa ni kipimo. Kijana angekubali kufomati, tungekuwa tumeandika ramani mpya juu ya ile ya kweli.

Ningeweza kuanza kuvuta mafaili hapo hapo. Sikufanya hivyo. Diski iliyokwisha kupigwa na volti 19 na kunyang'anywa mlinzi wake ni mgonjwa aliyeamka, si mzima. Kanuni ni moja: kabla ya kugusa chochote, nakili diski nzima, sekta kwa sekta, kwenda diski nyingine isiyo ndogo kuliko hiyo, kisha fanya majaribio yako yote kwenye nakala. Nilikuwa na diski ya kubeba ya terabaiti 5, nikaihamisha mali yangu, nikaanzisha ddrescue, programu ya bure ya Linux, mfumo wa kompyuta usio Windows. Terabaiti 4 kwa megabaiti 90 kwa sekunde ni saa kumi na mbili na ushee. Tukafunga duka tukaiacha ifanye kazi.

Saa saba usiku umeme ukakatika. Kweli safari hii. UPS yangu, ile betri ya akiba, ilivumilia kama dakika kumi, kompyuta ikazima. Asubuhi dada alipofika na kuona skrini nyeusi alikaa chini kwenye kiti cha wateja bila kusema neno. Ila ddrescue ina daftari lake: unaiambia iandike kwenye faili ilipofika, na ukiiwasha tena kwa amri ile ile inaendelea pale pale. Iliendelea. Ikamaliza mchana, bila sekta hata moja iliyokataa kusomeka.

Kisha nikaifungua nakala kwenye Linux kwa kuilazimisha ihesabiwe kwa sekta za 4,096, kusoma tu, bila ruhusa ya kuandika. Folda zikajipanga mbele yetu: 2018, 2019, 2020, na kuendelea. Terabaiti 3.1. Kijana alipiga kofi moja, dada akaanza kulia kwa sauti, na muuza vitumbua wa nje akaja kuuliza nani amefariki.

Tulikuwa na bahati mahali pamoja ambapo sikuwaambia mpaka tulipomaliza. Kuna madaraja ya viwanda fulani ambayo husimba kila kitu kinachopita, yaani hukigeuza fumbo, hata kama mwenye diski hakuweka nywila. Daraja la namna hiyo likiungua, diski ya ndani inaweza kuwa nzima na isisomeke kokote, mpaka upate daraja la aina ile ile.

Hatukupata vyote. Filamu mbili za 2021 zilikuwa na jina na ukubwa wake, lakini hazikufunguka. Nadhani umeme ulikatika wakati wa kuzihamisha, na kwa kuwa zilikatwa na hakuna aliyezifungua baadaye kuhakikisha, hakuna aliyejua. Na harusi ya mzee? Mikanda ghafi, saa zote nane za kamera mbili, ilifutwa miaka iliyopita kupisha kazi nyingine. Ilibaki filamu iliyoeditiwa, saa moja na dakika kadhaa. Dada alikwenda kumpelekea kwenye flashi huku anaomba radhi njia nzima. Mzee akamwambia saa moja inatosha, saa nane nani ataziangalia, hata maharusi wenyewe hawakukaa ukumbini saa nane.

Tulivyopanga upya

Dada alitaka kununua diski mara hiyo hiyo, na alikuwa ameshaona moja kwenye simu: terabaiti 16, ndogo kama kiberiti, bei ya kuku wawili. Nikamwomba asubiri. Vitu vile ninavifungua sana. Ndani mara nyingi unakuta memori kadi ndogo iliyobandikwa kwa gundi, imefundishwa kudanganya ukubwa wake. Unaandika, inapokea, haikatai. Ikishajaa inaanza kuandika juu ya vya mwanzo, na majina ya mafaili yanaendelea kuonekana kama kawaida. Kuna programu za bure za kuwaumbua, H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux na Mac: zinajaza diski nzima, kisha zinasoma tena kulinganisha. Diski yoyote mpya, hata ya dukani, naipitisha hapo kabla haijapewa kazi. Kwa terabaiti 5 inachukua zaidi ya siku nzima. Dada aliona ninampotezea muda. Nilimwambia kama ina ugonjwa wa kiwandani, afadhali ufe mikononi mwangu ikiwa tupu.

Tulinunua mbili za terabaiti 5, za inchi 2.5, za viwanda viwili tofauti. Sababu ya inchi 2.5 ni adapta: hazina. Sikutaka tena kitu chenye tundu ambalo mtu anaweza kuchomeka kisichofaa. Sababu ya viwanda viwili ni kwamba diski zilizotoka boksi moja, siku moja, huweza kuwa na kasoro moja na kufa wiki moja. Ya tatu alikuja kunilipa ile yangu mwezi uliofuata, fedha ilipopatikana. Hizi ndogo zina uvivu wake: nyingi zinaandika mistari ya data kwenye sahani ikilaliana kama vigae, na ukizishindilia kazi kubwa mfululizo huanza na mwendo wa megabaiti 110 kwa sekunde, baadaye zinakokota miguu. Kwa nakala hilo halidhuru. Kueditia humo moja kwa moja, hapana.

Zikapewa majina mapya, kwa wino na kwenye kompyuta pia: GHALA, NAKALA 1, NAKALA 2. Neno bakapu nililipiga marufuku kwa mwaka mmoja, nusu utani. Na kila moja nikaipa herufi yake ya kudumu kwenye Windows, ili programu ya kunakili isije siku moja ikaikuta GHALA mahali pa NAKALA 1 na kufanya kazi kinyumenyume.

Kufomati kulizua mabishano. Mpiga kamera wa Mac alitaka zote ziwe exFAT, moja ya namna za kupanga mafaili kwenye diski, kwa kuwa Mac na Windows zote huisoma na kuiandika. Ni kweli, na memori kadi zake ziko hivyo hivyo. Lakini exFAT haina daftari la matukio. Ukikatika umeme katikati ya kuandika, hakuna kumbukumbu ya kujirekebishia. NTFS, namna ya Windows, inalo. Mac huisoma NTFS lakini kwa kawaida haiandiki. Tukaamua: GHALA na NAKALA zote mbili NTFS, kwa mgawo wa GPT unaovuka terabaiti 2 bila hila za sekta, na diski ndogo ya zamani ya gigabaiti 500 ikawa ya kupeana kazi na mtu wa Mac, exFAT. FAT32, namna ya zamani, hatukuijadili hata. Haibebi faili moja linalofika gigabaiti 4, na saa moja ya harusi ni zaidi ya hapo mara tano.

Sasa utaratibu. Kazi mpya inaingia kwenye kompyuta, na memori kadi hazifutwi mpaka iwe imefika mahali pawili. Ikimalizika inanakiliwa GHALA. Jioni, NAKALA 1 inachomekwa, programu ya FreeFileSync inalinganisha na kunakili vilivyoongezeka, kisha inachomolewa na kufungiwa kabatini. Kuchomoa ndiko kulikomshinda kijana kuelewa: kwa nini isibaki imechomekwa, ijifanyie yenyewe? Kwa sababu kirusi cha kudai fidia kikiingia kompyutani husimba kila diski kinachoikuta imeunganishwa, na radi ya Novemba haichagui waya. Nakala iliyo kabatini haina waya. Hawa vijana wamezoea kirusi cha njia za mkato, kile cha flashi za stationari kinachoficha mafaili na kuacha vivuli vyake. Kile kina huruma, amri moja ya attrib inayarudisha. Cha fidia hakina.

Kuna jambo nililomkalia kooni: programu isiwekwe kwenye hali ya kioo. Kioo kinafuta kwenye nakala chochote ulichokifuta kwenye ghala, kwa utii kamili, hata kama ulikifuta kwa bahati mbaya. Tumeiweka vilivyofutwa au kubadilishwa viende kwenye folda yenye tarehe, na folda hiyo tunaisafisha kwa mkono baada ya miezi mitatu.

NAKALA 2 haikai studio. Inakaa Ujiji, kwa mama yake dada, ndani ya sanduku la kanga, kwenye kopo la plastiki pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu. Kila wiki NAKALA 1 na NAKALA 2 zinabadilishana. Bibi aliuliza maswali mawili tu: kama inakula umeme, na kama inalipuka. Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeipa umaarufu kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, aina mbili za vyombo, moja iwe mbali. Aina mbili hatukufikia. Zote zetu ni diski. Ila ile ya mbali niliisisitiza, maana wizi, moto na paa linalovuja huchukua chumba kizima pamoja na kabati lake. Hapa Kigoma tumeliona hata ziwa likipanda na kuingia nyumba za watu.

Intaneti je? Dada aliuliza, na ni swali zuri. Kupakia terabaiti moja kwa megabiti 5 kwa sekunde, bila kusimama usiku wala mchana, ni siku 18 na nusu, acha bei ya vifurushi. Daladala ya Ujiji inaifikisha diski nzima kwa muda wa kuongea na simu. Tulichopeleka mtandaoni ni mikataba, hesabu na orodha ya kazi, vitu vya megabaiti chache. Na hapana, kujitumia picha WhatsApp si kuzihifadhi; zikitumwa kama picha za kawaida zinabanwa njiani, ukizirudisha zimekonda.

Kwa kuwa NAKALA inapanda daladala, zote mbili zimefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski nzima. Harusi za watu zina watoto, kuna vyumba vya bibi harusi, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ufunguo wa dharura una tarakimu 48. Kijana aliuhifadhi ndani ya diski ile ile. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sasa umeandikwa kwenye karatasi mbili, moja kwa dada, nyingine kwenye msahafu wa bibi.

Ile diski ya zamani haikutupwa. Inazunguka bado, na imebaki na kila kitu, lakini bila daiodi yake ikipigwa tena hakuna wa kuikinga. Dada aliibandua selotepu kwa kucha, akaandika nyingine: USICHOMEKE.

Miezi miwili baadaye nilipita Mwanga na kuomba NAKALA 2 iletwe. Nikachagua tarehe bila kumwambia mtu, nikaiunga kwenye laptopu yangu mwenyewe, si ya studio, nikaandika ufunguo, nikafungua filamu tatu na kuziruka mwanzo, katikati na mwisho. Zote zikacheza. Nikaangalia na hali ya afya ya diski kwa programu ya CrystalDiskInfo. Sekta zinazosubiri, yaani zinazotiliwa shaka, sifuri. Ila kazi ya mwisho mle ilikuwa na wiki tano. Kubadilishana kulipangiwa Ijumaa, na Ijumaa ndiyo siku ya kukimbizana na harusi za Jumamosi. Walikwenda mara ya kwanza, ya pili mvua, ya tatu kamera ilikuwa Kasulu, kisha wakaacha kuhesabu. Dada akafikiri kidogo, akahamishia Jumapili. Jumapili huwa anakwenda Ujiji kula ugali na migebuka kwa mama yake hata kama mawe yanaanguka.